Nyumba Kubwa Inauzwa: Niliyoyaona Unguja na Tuliyoyazungumza Kalima

Juma lililopita, tulipomaliza kuhesabu pesa za likelemba, mama mmoja aliniuliza mbele ya watu wote: "Ni kweli ulienda mpaka Zanzibari kuangalia nyumba ya ghorofa ya kununua? Basi likelemba hii unaitafutia nini?" Tulicheka sana, nami nikaahidi kuandika jambo lenyewe lilivyokuwa, kwa maana mtu akiachia watu wengine habari yake, inarudi kwake ikiwa na mikono na miguu.

Pesa za kununua nyumba sina. Ilikuwa mwaka 2023, nami nilikwenda kutafuta vitenge na vyombo vya nyumbani kama wachuuzi wengine. Lakini nyumba niliiangalia kweli, kuanzia mlango mpaka dari ya juu kabisa, na iliniingia moyoni kwa sababu nilipoondoka Kalima niliacha neno zito nyumbani. Yaya wangu, yule kaka yetu mkubwa, alikuwa amepata mtu wa kununua nyumba aliyotuachia baba. Tulikuwa tumepanga kikao nikirudi. Mama yetu anakaa ndani ya nyumba hiyo.

Safari yenyewe wengine mnaijua. Kutoka hapa mpaka Kindu ni karibu kilometa 100, na mvua ikiwa imenyesha pikipiki inawabeba ninyi nusu ya njia na ninyi mnaibeba nusu nyingine. Kindu nikapanda ndege mpaka Goma, nikavuka Gisenyi kwa miguu, nikafika Kigali, halafu basi la kwenda Dar es Salaam kupitia Rusumo. Ndani ya basi hilo unalala, unaamka, unalala tena, na Tanzania bado haijaisha. Dar es Salaam nikapanda meli ya kwenda Unguja, kama saa 2 hivi. Mimi mtoto wa Maniema, maji makubwa niliyoyajua ni Lualaba. Lualaba hata ukiwa umejaa unaona ng'ambo. Pale hakuna ng'ambo, na upepo unakuachia chumvi kwenye midomo.

Kitu cha kwanza walichonicheka ni Kiswahili changu. Sokoni Darajani nilisema, "Kitambaa hiki iko bei gani?" Muuzaji akamwita mwenzake aje kusikiliza. "Dada, hicho Kiswahili cha wapi?" Nikamwambia ni cha babu zake, walikileta kwetu Kasongo na Nyangwe na hawakurudi kukichukua. Akacheka, akanipunguzia bei kidogo. Nilikuwa nimesema kwa mchezo, lakini neno hilo lilinifuata siku zote nilizokaa kule, na mbele kidogo mtaona kwa nini.

Mwenyeji wangu ni mama mfanyabiashara mwenzangu ambaye tunanunuliana mizigo tangu zamani. Ana mdogo wake wa kiume anayefanya kazi Muscat, na huyo alikuwa na hamu ya nyumba katika Mji Mkongwe, kwa ajili ya harusi za watoto na likizo za jamaa wote. Alikuwa amemtumia dada yake picha kwenye simu: nyumba ya kifahari, ya familia, ya kale, karibu na bahari. Dada akaniambia, "Twende wote. Macho manne yanaona ufa ambao mawili hayauoni." Basi tukaenda na dalali.

Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba hivi kwamba wamama wawili wenye vikapu kichwani lazima mmoja asimame ukutani. Nje ya nyumba kuna baraza ya mawe, na watu wamekaa wanazungumza kana kwamba baraza ni yao, na kweli ni yao. Mlango ndio uliotusimamisha. Ni mbao nzito nyeusi, pembeni umechongwa mnyororo unaozunguka, juu yake maua, na katikati misumari ya shaba yenye vichwa kama mafenesi madogo. Dalali alisema mwenye nyumba wa zamani alisimamisha mlango kwanza ndipo akajenga ukuta. Sijui kama ni kweli, dalali anaweza kusema lolote, lakini ukiutazama unaamini.

Ndani kuna ua ulio wazi juu, na vyumba vinauzunguka, ghorofa juu ya ghorofa. Kuta ni nene kama urefu wa mkono wangu, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Joto linabaki nje. Ukutani kuna vishubaka walivyoviita zidaka, vya kuweka vyombo na misahafu. Nilishangaa kuona vyumba virefu lakini vyembamba kama njia, hata kile kikubwa cha kupokelea wageni. Nikauliza. Kumbe dari inabebwa na boriti za mikoko, na mti wa mkoko haufiki mbali, kama mita 3 hivi. Upana wa chumba cha tajiri uliamuliwa na urefu wa mti. Hilo lilinifurahisha, maana hata kwetu ukitaka nyumba pana unaanza kwa kwenda msituni kutazama miti.

Tulipanda ngazi kali mpaka juu kabisa, mahali pa kupunga upepo jioni na kunywa chai. Bahari yote iko pale. Kwa upande mmoja nikaoneshwa Beit al-Ajaib, jumba aliloliweka Sultani Barghash mwaka 1883. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati wa matengenezo, ikaua watu 2. Dalali hakutaka tuutazame sana upande ule.

Neno "kifahari" alilitaja mara nyingi mpaka nikaanza kulihesabu. Lakini mwenyeji wangu si mtu wa maneno. Alikuwa anapita anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anagonga tena. Kwenye chumba kimoja cha chini alisimama. Rangi mpya, nyeupe, nzuri. Akakwaruza kwa ukucha, kikatoka kipande cha saruji, na nyuma yake ukuta ulikuwa umelowa kama mkate uliotumbukizwa kwenye chai. Akanieleza: nyumba hizi zinapumua. Chokaa inavuta maji na inayatoa. Mtu akija na saruji kwa sababu ni rahisi na inang'aa upesi, anaifunga nyumba pumzi, maji yanabaki ndani, chumvi inakula jiwe, na boriti zinaoza pale zinapoingia ukutani, mahali ambapo huoni. Siku moja dari inashuka. Na hata ukitaka kutengeneza hufanyi upendavyo, kwa sababu Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na kazi yoyote ya kubadilisha jengo inahitaji ruhusa. Mlango ule, kwa mfano, hauwezi kuung'oa na kuupeleka Muscat.

Bei aliyoitaja dalali siiandiki hapa, msije mkakosa usingizi. Niseme tu kwamba kwa mchele ninaouza ningehitaji maisha matatu, na yote yawe ya mavuno mazuri.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Tulipokuwa tunashuka, tulimkuta bibi mmoja uani. Alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele ndani ya ungo, kanga mabegani, miguu ameinyoosha. Mwenyeji wangu akamwamkia, "Shikamoo bibi," nami nikamwamkia vilevile ingawa kwetu hatuna desturi ya neno hilo. Akaitikia marahaba, akatukaribisha, akatuuliza tunamtafuta nani. Dalali alianza kutazama simu yake.

Mwenyeji wangu akasema, "Bibi, tumekuja kuona nyumba. Tumeambiwa inauzwa."

Bibi akaacha mikono ndani ya mchele. "Nyumba ipi?"

"Hii."

Akatutazama mmoja mmoja, halafu akasema taratibu kabisa, "Hii ninayokaa?"

Alikuwa mke wa marehemu mwenye nyumba. Watoto wa marehemu wengine wako Dar es Salaam, wengine Arabuni, mmoja yuko Uingereza. Walikuwa wamekubaliana kwa simu. Yeye alisikia kwetu, wageni wawili, mmoja anatoka Kongo. Kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu inayofuatwa kule, mke wa mtu aliyeacha watoto ana fungu lake, moja ya nane, nalo linajulikana na kila mtu. Fungu lilijulikana na mwenyewe hakuulizwa.

Mwenyeji wangu hakupiga kelele. Alimwambia dalali tu, "Mpaka bibi huyu aulizwe na mbele yangu akubali, pesa ya mdogo wangu inakaa Muscat ilipo." Tukaaga. Bibi akatulazimisha kunywa maji kabla ya kutoka. Mpaka leo sijui nyumba ile iliishia kwa nani.

Kesho yake sikuwa na kazi, mizigo ilikuwa imeshafungwa. Nikaomba wanipeleke kuona nyumba nyingine, hiyo ambayo sisi watu wa Maniema tuna sababu ya kuitafuta. Iko Shangani, nyuma ya hoteli ya Africa House. Ni nyumba ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule tunayemwita Tippu Tip. Ina ngazi za marumaru nyeusi na nyeupe na mlango wa kuchongwa mkubwa kuliko ule wa jana. Lakini si makumbusho. Wanakaa ndani familia kadhaa, nguo zimeanikwa, watoto wanapanda na kushuka zile marumaru, plasta imebanduka. Ukipita bila kuambiwa, unapita.

Nikasimama pale na mfuko wangu wa plastiki nikiwa nafikiri. Mtu huyu alifika kwetu miaka ya 1870 akafanya Kasongo makao yake. Pembe za ndovu zilizotoka misitu ya kwetu zilibebwa mabegani mpaka Ujiji kupitia ziwa Tanganyika, kisha Tabora, kisha Bagamoyo, zikavuka bahari hii niliyovuka mimi kwa saa 2. Pamoja na pembe walikwenda watu, wengi wao wakiwa wamefungwa. Alirudi Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1890, na watu wa Mfalme Leopold walipouteka Nyangwe na Kasongo mwaka 1893 yeye hakuwapo. Alifia hapa Unguja mwaka 1905. Maisha yake aliyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kipo. Wapagazi hawakuandika kitabu.

Nilifikiria zaidi wamama wa soko la Nyangwe. Kila mmoja wenu aliyesoma ameambiwa kidogo habari hiyo. Lilikuwa soko la wamama hasa, walikuwa wanavuka Lualaba kwa mitumbwi na vyungu, samaki, mihogo, chumvi, mafuta, kuku. Tarehe 15 Julai 1871 watu wenye bunduki waliingia sokoni wakaanza kupiga. Livingstone alikuwa pale anatazama, akaandika kwamba waliokufa walikuwa kati ya 300 na 400, wengi wao kwa kuzama mtoni wakikimbia. Si Tippu Tip aliyefanya hilo, lazima nimseme kwa haki. Yeye alifika baadaye. Lakini biashara ilikuwa moja na pesa yake ilipita njia moja, na huku mwisho wa njia ikageuka kuwa marumaru. Mimi pia ni mama wa soko. Nilijikuta nimekaa kwenye baraza ya mtu bila kuomba ruhusa, na mama mmoja wa humo ndani akaniletea kiti kizuri zaidi. Aliniuliza natoka wapi. Nilipomwambia Maniema, hakulijua jina. Nilitaka kumweleza, kisha nikaona anahangaika na mtoto mwenye homa, nikamuuliza habari ya mtoto.

Niliporudi, kutoka Kindu mpaka hapa nyuma ya pikipiki, nilikuwa nazitazama nyumba za Kalima kwa macho mengine. Ninyi mnazijua: zile za kartye ya wazungu wa zamani, juu kilimani, matofali ya kuchoma, varanda pana, bustani iliyogeuka shamba la sombe. Symétain ilianza mwaka 1932, na mji huu ulisimama juu ya kasiteriti. Mabwawa ya Lutshurukuru yaliwasha taa za nyumba hizo wakati vijiji vyetu vilikuwa na kibatari. Vita vya dunia vilipokata madini ya Malaya mwaka 1942, madini ya Kongo yalitakiwa mara mbili, na mikono iliyoyachimba ni ya babu zetu. Mwaka 1976 kampuni ziliunganishwa zikawa SOMINKI, mwaka 1985 bei ya bati ikaanguka kwenye soko la dunia, na mwaka 1997 SOMINKI ikafungwa. Kwa hiyo na sisi tuna nyumba zetu za kifahari zinazobanduka plasta, hata kama hakuna mtalii anayezipiga picha.

Baba alikuwa fundi wa umeme. Yeye hakupewa nyumba ya kilimani, alijenga yake, kabla ya bei kuanguka, kwa kuiga alizokuwa anaziingia kutengeneza taa. Alitaka kila kitu walichonacho wale. Varanda tunayo. Sehemu ya kuwasha moto ndani ya salo tunayo, kwa joto la Kalima! Hata beseni la kuogea la chuma, lile la kulala ndani, alilileta kwa lori, na maji ya bomba hayajawahi kulifikia mpaka leo. Mama alilitumia kuloweka mihogo. Ni nyumba iliyotulea watoto saba na binamu wasiohesabika, na kwa hapa kwetu ukisema "nyumba kubwa ya fundi" mwenye pikipiki anakufikisha.

Yaya si mtu mbaya, sitaki mfikiri hivyo. Ana watoto wawili chuo kikuu Kindu, na mdogo wetu mmoja anahitaji kupasuliwa. Mnunuzi ni mtu wa biashara ya madini, ana dola mkononi. Yaya alipiga hesabu kwenye daftari, akagawanya kwa saba, akatutumia kila mmoja fungu lake kwa simu. Nilipoiona hesabu ile nilikumbuka bibi wa ungo wa mchele. Katika saba, mama hakuwemo.

Kabla ya kikao nilitafuta kujua sheria yetu inasema nini, na ninaiandika hapa kwa sababu wengi wenu mtaihitaji siku moja, tusikimbilie tu maneno ya baraza la ukoo. Kanuni ya Familia ni ya tarehe 1 Agosti 1987. Inasema watoto wa marehemu, wa kike na wa kiume bila tofauti, wanapata robo tatu ya urithi. Robo inayobaki ni ya kundi la pili: mjane au mgane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Na juu ya hayo mjane ana haki ya kukaa katika nyumba waliyokaa na mumewe na kutumia vyombo vilivyomo. Watoto wanaweza kuwa wenye nyumba, lakini haki ya kukaa ni ya mama. Ndiyo maana ndoa iandikwe kwa ofisa wa serikali, hata ile ya desturi; mama ambaye ndoa yake haijaandikwa atahangaika kuonyesha kwamba ni mjane. Halafu kuna sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliyobadilisha Kanuni hiyo. Zamani mwanamke aliyeolewa hakuweza kutia sahihi jambo la kisheria bila ruhusa ya mume. Ruhusa hiyo imeondolewa, lakini niliwahi kukutana na watu wa maofisini ambao bado wanaidai, wengine kwa kutojua, wengine kwa kujua sana.

Na parseli yenyewe? Tangu sheria ya mwaka 1973 ardhi ni ya serikali, sisi tunapewa haki ya kuitumia, na kinachothibitisha haki hiyo ni ile sertifika ya kuandikishwa tu. Barua ya shefu ni mwanzo mzuri, lakini haitoshi. Tulifungua sanduku la baba. Tulikuta risiti za mabati, barua tatu, fishi ya parseli imeliwa na mende pembeni. Sertifika hakuna. Mnunuzi alikuwa anataka kununua kwa dola kitu ambacho karatasi yake haipo, na sisi tulikuwa tunagombania mafungu ya kitu hicho. Yaya alinyamaza muda mrefu.

Kikao kilifanyika kwenye varanda. Mimi nilikuwa nimejiandaa kama wakili. Nilieleza habari ya Unguja, nikaeleza Kanuni ya Familia, nikasema mama haondoki humu, na hata nikalia kidogo. Ndugu zangu wakaanza kukubali. Ndipo mama, ambaye alikuwa anamenya ndizi kimya, akauliza, "Nimalizie?"

Tukanyamaza.

"Paa linavuja vyumba vitatu. Ngazi za varanda hii zinaniumiza magoti kila siku. Kisima kiko mbali, na usiku niko peke yangu na popo. Mimi hii nyumba nimeichoka tangu baba yenu hajafa. Miaka sita mnabishana juu yangu kama mimi ni kabati. Huyu anasema kabati liuzwe, huyu," akanielekeza kisu, "anasema kabati lisiguswe. Nani aliniuliza?"

Wamama, niliona aibu mpaka masikioni. Nilikuwa nimevuka nchi tatu nikamhurumia bibi wa watu kwa sababu hakuulizwa, nikarudi nyumbani kumtetea mama yangu, nami sikumuuliza.

Basi tukamuuliza. Majibu yake yalikuwa tayari, ninafikiri yalikuwa tayari tangu zamani. Kwanza sertifika itafutwe, kwa sababu nyumba yenye karatasi ina bei nyingine, na gharama ya kuitafuta tuchange sote saba. Pili, kabla mnunuzi hajashika ufunguo, parseli ndogo inunuliwe karibu na zahanati na soko, vyumba viwili na jiko, na sertifika yake iandikwe jina lake mama, si la yaya wala la yeyote kati yetu. Tatu, kitakachobaki, wa kwanza ni mdogo wetu wa kupasuliwa. Nne, beseni la chuma anaondoka nalo. Bei ataitaja yeye mwenyewe kwa mnunuzi.

Yaya aliandika yote kwenye lile daftari lake, chini ya ile hesabu ya mafungu saba. Nilimwona anaifuta ile ya juu kwa mstari mmoja.

Hayo yalipita. Sertifika ilichukua miezi mingi na safari za Kindu nisizotaka kuzikumbuka, lakini iko ndani ya sanduku sasa, ndani ya plastiki, mende wakae mbali. Parseli ndogo imepatikana, mama amekwenda kuipima kwa hatua zake mwenyewe na kuuliza majirani kama maji yanafika. Mnunuzi amekuja mara mbili. Mara ya kwanza alitaka kuzungumza na yaya, akaelekezwa kwenye kiti cha mama. Mara ya pili alitoa bei, mama akamwonyesha mti wa parachichi na kumwambia kwamba mti hauko ndani ya bei mpaka msimu huu uishe. Aliondoka akitikisa kichwa, lakini hakukataa.

Siku ya posho anarudi mara ya tatu. Mama amenituma nitafute sukari mapema, kwa sababu, anasema, mtu hapandishi bei akiwa na chai chungu mdomoni.